Nani Atamtilia Dani Sahihi?

Najua kurasa hizi kila mwaka hujaa insha za ajali za barabarani na faida za elimu, nami sina ubaya nazo. Lakini leo naomba nafasi kidogo nizungumzie karatasi moja tu. Karatasi yenyewe haina gharama, ila katika nyumba nyingi za huku kwetu, tangu Nyalenda hadi Kombewa, haipo. Ni ile ambayo mzee, akiwa bado ana akili zake timamu, anaandika kwamba nikizidiwa nisiweze kusema, fulani ndiye atakayeniamulia mambo ya matibabu.

Wengi wakisikia hivyo hudhani nasema wosia. La hasha! Wosia hufanya kazi mwenyewe akishafariki. Wengine hudhani ni ile hati ya uwakili ambayo mtu humpa mwenzake amuuzie shamba. Hiyo nayo siyo. Hati ya kawaida ya uwakili hukoma aliyeitoa anapopotewa na akili, yaani saa ile ile anapohitaji mtu wa kumsemea. Ikifika hapo jamaa hulazimika kwenda kortini kuomba mtu ateuliwe chini ya Sheria ya Afya ya Akili, na si mnajua korti na tarehe zake.

Sheria ninayoitaka mimi ni Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 9. Inasema kuwa mgonjwa asipoweza kutoa ridhaa yake, ridhaa hiyo hutolewa na mtu aliyepewa ruhusa na mgonjwa mwenyewe kwa maandishi, au aliyeruhusiwa na sheria ama amri ya korti. Akikosekana mtu wa namna hiyo ndipo anapoulizwa jamaa wa karibu. Utazameni vizuri mpangilio huo. Jamaa wa karibu anakuja nyuma ya karatasi! Wala kifungu hakisemi mwenye karatasi awe mtoto wa damu, au mwanamume, au kifungua mimba. Hakisemi pia kwamba lazima iandikwe kwa Kiingereza au ipigwe muhuri wa wakili.

Nasisitiza hayo kwa sababu ya yaliyotupata mwaka jana. Dani, mama mzazi wa marehemu baba yangu, anaishi nasi Nyalenda. Ana ugonjwa wa sukari. Ni mama yangu anayemwosha, anayejua vidonge vya asubuhi na vya jioni, anayempeleka kliniki kwa tuktuk. Mdharau mwiba mguu huota tende: kidonda kidogo cha kidoleni kilipanda, na siku moja Dani hakuamka sawasawa. Katika hospitali tuliyompeleka, daktari alisema mguu ukatwe, akauliza nani atatia sahihi. Mama akajitokeza. Akaulizwa, "Wewe ni nani wake?" Akajibu ni mke wa mwanawe. Basi akaambiwa watafutwe watoto wenyewe.

Hapo ndipo simu zilipoanza. Baba mkubwa yuko Nairobi, akasema msiguse kitu mpaka nifike. Baba mdogo yuko Mombasa, akasema ati mama yake hatazikwa nusu. Mtu bado anapumua, wao wanazungumzia kaburi! Mama alikaa kwenye benchi na kitabu cha kliniki mkononi, hakuna aliyemuuliza neno. Baba mkubwa alifika kesho yake jioni, akatia sahihi, mguu ukakatwa juu ya goti. Daktari hakusema kuchelewa ndiko kulikofanya ukatwe juu, nami si daktari. Sheria hiyo hiyo inaruhusu mgonjwa atibiwe bila ridhaa ikiwa ni dharura, lakini nani apime dharura wakati ndugu wanagombana kwenye simu? Dani alipopata fahamu aliuliza kwa nini hawakumsikiliza mke wa mwanawe, kwa kuwa yeye alishamwambia zamani kwamba bora uhai kuliko mguu. Alimwambia kwa mdomo, tena jikoni, wakichambua omena.

Sisi watu wa ziwani tunapaswa kujua udhaifu wa neno la mdomo kuliko wengine. Wakili S. M. Otieno alifariki Disemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alisema mumewe alitaka kuzikwa karibu na Nairobi; ukoo wa Umira Kager ukasema azikwe kwao Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa miezi mitano kesi ikiendelea, hadi Mahakama ya Rufani ilipoupa ukoo ushindi, akazikwa Mei 1987. Kesi ile ilihusu maiti na mila za mazishi, si mgonjwa, kwa hivyo sisemi ni jambo moja. Lakini kama wakili mzima anaweza kuacha watu wakishindana juu ya alichosema, sembuse nyanya anayechambua omena?

Kuna wazee watakaosema kuandika hivyo ni kujiitia kifo. Kwa heshima zote nakataa. Mvuvi wa Dunga akibeba kata ya kukumba maji, hajaiombea mashua yake izame. Wengine watasema tunamnyang'anya mwana mkubwa nafasi yake. Hapa nakiri pana uzito, maana mwana mkubwa ana wajibu wake nyumbani na hakuna anayemfukuza. Lakini mzee anaweza kumchagua huyo huyo akipenda. Ninachopinga ni kuchaguliwa na basi la Nairobi, kwamba anayefika wa kwanza ndiye mwenye kauli.

Dani ameshatengeneza karatasi yake. Imeandikwa kwa Kiswahili na Dholuo, ikaja na jina la mama, kisha la baba mkubwa iwapo mama hapatikani. Imesema analokubali na asilolikubali. Aliweka kidole gumba mbele ya mashahidi wawili wasio wa nyumbani, nakala moja ikatiwa kwenye faili yake ya kliniki na nyingine tukampelekea baba mkubwa. Baba mdogo bado hajapokea simu ya mama tangu alipoambiwa.

Naomba chama chetu cha Kiswahili kiandike mfano wa barua kama hiyo kwa lugha nyepesi, kila mwanachama aende nayo nyumbani likizo ya Agosti. Wa Dholuo nitauandika mimi, Dani atausahihisha.