Banda Kwanza, Ng'ombe Baadaye

Mama anayetamani ng'ombe wa maziwa huanza kwa kuhesabu lita. Huhesabu za watoto, za chai, za kuwauzia majirani, na kichwani mwake ada ya shule imekwisha lipwa. Hesabu hiyo ni nzuri, ila inamtanguliza ng'ombe mahali pa banda. Ng'ombe akifika kabla ya banda hufungwa chini ya mwembe, hulala kwenye matope ya masika, na kiwele chake huugua kabla hatujazionja hizo lita.

Mwezi huu tunazungumza na akina mama wa Ukonga na jirani zao wa Kitunda, Gongo la Mboto, Majohe na Pugu, wanaojiandaa kumfuga ng'ombe wao wa kwanza. Jambo hili si geni mjini kwetu. Miaka ya 1980, mishahara ilipopungua thamani, watumishi wengi wa serikali jijini Dar es Salaam walifuga ng'ombe nyuma ya nyumba, na maziwa yakaziba pengo la mshahara. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 zikaruhusu ng'ombe wasiozidi wanne kwa mfugaji, wafugwe ndani, na zikakataza kuchunga mjini. Kabla ya kununua hata bati moja, twendeni ofisi ya kata tukaulize masharti ya sasa kwa mtaa wetu na kwa ukubwa wa kiwanja chetu. Tangu 2021 Ukonga iko chini ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Bwana mifugo wa kata naye tumwombe aje kuona mahali penyewe.

Wengi tunaukumbuka mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Shirika la Heifer, lililoanzishwa mwaka 1944 na Dan West, mkulima wa Marekani, lilieneza utaratibu huo hata hapa Tanzania, na makanisa yetu yakashiriki. Mwenye kupewa mtamba alirudisha mtamba kwa jirani. Lakini kabla ya kukabidhiwa alitakiwa aonyeshe banda lililokamilika na majani yaliyokwisha pandwa. Sharti hilo latufaa hata sisi tunaonunua kwa fedha zetu wenyewe.

Mahali pa kujenga

Tuchague sehemu iliyoinuka, maji ya mvua yasituame. Upepo wetu wa pwani, uwe kaskazi au kusi, kwa sehemu kubwa hutoka upande wa bahari. Banda likiwa magharibi ya nyumba, harufu haitaingia chumbani. Hata hivyo, magharibi yetu ni mashariki ya jirani. Tuongee naye mapema, kabla hajaanza kulalamika, na kijagi cha maziwa ya kwanza kisimsahau.

Eneo la mita 6 kwa 4 linamtosha ng'ombe mmoja na ndama wake, pamoja na sehemu ya kukamulia na stoo ndogo ya chakula. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi ili jua la asubuhi na la jioni lisimpige ng'ombe ubavuni. Kuta ndefu tusizijenge mpaka juu. Huku kwetu baridi haimwui ng'ombe mkubwa. Joto ndilo linalomnyima hamu ya kula na kukausha maziwa. Paa liwe juu, mita 2.2 upande wa chini na 3 upande wa juu. Mabati hudumu, lakini huchemka mchana. Makuti hupoza, lakini yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Mwenye uwezo aezeke mabati, kisha atandaze makuti juu yake.

Nguzo za miti zipakwe oili chafu sehemu inayozikwa tu, kwa ajili ya mchwa. Juu ya ardhi tusipake, maana ng'ombe hulamba na oili ni sumu.

Sakafu na malazi

Hapa ndipo fedha nyingi ziende. Tushindilie mawe, kisha zege la unene wa sentimita 10: ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto. Kila mita moja ishuke sentimita 2 au 3 kuelekea mfereji, ili mkojo na maji yasisimame. Fundi atataka kuilainisha ing'ae kama ya sebuleni. Tumkataze. Aikwaruze kwa mfagio mgumu kabla haijakauka, kwani ng'ombe akiteleza na kuvunjika nyonga, safari yake ni buchani.

Mahali pa kulala pawe na urefu wa mita 2.2 na upana wa mita 1.2, na painuke kidogo kuliko sehemu ya kutembelea. Tukiongeza upana, atageuka na kunya pale pale anapolala. Tutandike mchanga mkavu au maranda, na mabichi yaondolewe kila siku. Malazi machafu ndiyo mlango mkubwa wa ugonjwa wa kiwele.

Hori lisiwe chini kabisa. Mdomo wake upande wa ng'ombe uwe kama sentimita 50 kutoka sakafuni, na upande wa nje uwe juu zaidi asiyarushe majani. Maji yawe na chombo chake. Nusu ya pipa la lita 200 linafaa. Ndama awe na kizimba chake cha mita 1.5 kwa 1.2, sakafu ya mbao iliyoinuliwa, yenye nafasi nyembamba za kupitisha mkojo zisizonasa kwato. Siku akizaliwa, apate dang'a mapema, ndani ya saa za kwanza, maana ndiyo kinga yake.

Shimo la samadi liwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, na lifunikwe. Ng'ombe mmoja hutoa samadi kilo 20 na zaidi kwa siku. Ikizagaa ni nzi na ugomvi. Ikioza vizuri ni mchicha na migomba.

Maji na majani

Ng'ombe anayekamuliwa, katika joto la Dar es Salaam, hunywa lita 60 hadi 100 kwa siku, yaani madumu matatu hadi matano ya lita 20, mbali na ya kuoshea. Kama nyumbani tunanunua maji kwa madumu, tuiandike hesabu hiyo kwanza. Majani mabichi atataka kilo 40 hadi 50 kila siku. Kiwanja cha mjini hakiwezi kuyatoa yote. Yafaa kuwa na shamba, hata la kukodi, Msongola au Chanika, lenye majani ya tembo na lukina. Anayenunua kwa vijana wakataji ajue yametoka wapi, maana ya pembeni mwa mifereji ya maji machafu huja na uchafu wake, na mifuko ya plastiki ikimezwa huziba tumbo. Ng'ombe asiyetoka nje naye hupata kupe, kwani kupe husafiri na majani. Kuogesha kwa dawa na chanjo ya ndigana kali si vya kuahirisha.

Ng'ombe mwenyewe tusimtafute mnada wa Pugu. Wale wengi ni wa nyama. Tutafute mtamba chotara mwenye mimba, kutoka kwa mfugaji tunayeweza kumtembelea na kumwona mama yake akikamuliwa. Mwenye damu nyingi ya kizungu kutoka nyanda za baridi huteseka na joto letu. Tumwombe bwana mifugo ampime ugonjwa wa kutupa mimba na kifua kikuu. Na maziwa yachemshwe daima, ya kwetu na ya wateja, hata yakitoka kwa ng'ombe mwenye afya.

Mikono ya nani?

Swali hili fundi hatatuuliza. Kukamua ni alfajiri na jioni, kila siku. Ng'ombe hajui Jumapili, msiba wala mama mwenye mimba ya miezi minane. Ndani ya nyumba nyingi baba hununua ng'ombe, mama hubeba maji, watoto hukata majani kabla ya shule, na fedha za maziwa hazina mwenyewe mpaka siku ya ugomvi. Kabla ya zege kumwagwa, mume na mke wakae chini na daftari. Nani atakamua? Nani atalipwa, kama kuna kijana wa kazi? Fedha ya maziwa itashikwa na nani, na kiasi gani kitarudi kwa chakula na dawa za ng'ombe? Anayefanya kazi asinyimwe sauti katika matumizi. Kila jioni ziandikwe lita zilizokamuliwa, zilizonywewa na zilizouzwa, na watoto wasome wenyewe. Na watoto wanywe kwanza. Tumeona nyumba zenye ng'ombe ambamo maziwa yote huenda kwa wateja na mtoto anakunywa chai ya rangi.

Baada ya hesabu hizo, mama mwingine ataona kwamba kiwanja chake ni kidogo, maji ni ya kununua na mikono ni yake peke yake. Huyo asione haya kuanza na mbuzi wawili wa maziwa au kuku. Mwenye maji, majani na maelewano nyumbani ajenge bila haraka, masika yapite banda likiwa tupu, aone maji yanakotuama na paa linakovuja. Yakisharekebishwa hayo, akamlete ng'ombe wake.