Kuinua Bodi si Siri ya Gereji

Hoja kwamba kuinua bodi ya gari ni shauri la mwenye gari na fundi wake pekee haisimami. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kutumika barabarani. Vipande vinavyopachikwa kati ya chesisi na bodi huvuta mhimili wa usukani na mabomba ya breki; kitovu cha uzito nacho hupanda, hatari kubwa kwenye kona za mteremko. Tena faida inayodaiwa kwa matope ya Bashay, wilayani Mbulu, haipo: difu, ambayo ndiyo hukwama, hubaki palepale, kinachoiinua ni tairi kubwa. Mabadiliko yanayogusa taarifa za kadi ya gari hupelekwa TRA, na kampuni ya bima ijulishwe kabla gari halijatoka gereji.