KAMERA YA UTUMBO: USIULIZE TU KAMA IPO, ULIZA ILIFANYWAJE (Sehemu ya 4)

Mama zangu, dada zangu wa Mbulu na Hanang, tunaendelea na saratani ya utumbo mpana. Sehemu iliyopita nilisema damu kwenye choo sio kila mara bawasiri. Wengi mmeuliza kuhusu kipimo cha kamera, yaani kolonoskopi. Leo nasema jambo ambalo baadhi ya wenzangu kazini hawatalipenda: kufanyiwa kipimo tu haitoshi. Kipimo chenyewe nacho kipimwe.

Saratani hii mara nyingi huanza kama kinyama kidogo ndani ya utumbo, kinaitwa polipu. Huchukua miaka, mara nyingi kama 10, kugeuka saratani. Kamera ikikiona, daktari kwa kawaida anakikata hapo hapo. Kikirukwa je? Unarudi nyumbani umeambiwa "uko salama", na dalili zikija unazipuuza.

Marekani madaktari wamejiwekea viwango:

✅ Kamera ifike hadi mwanzo wa utumbo mpana, pale karibu na kidole tumbo, angalau mara 95 katika kila vipimo 100.

✅ Wakati wa kuitoa ndipo utumbo unakaguliwa. Zamani walitaka dakika 6 au zaidi, tangu 2024 wanataka wastani wa 8.

✅ Kati ya watu 100 wa miaka 45 na zaidi wanaochunguzwa, daktari apate polipu za hatari kwa watu 35 hivi. Anayepata 10 tu, nyingi zinampita.

Sio mbwembwe hizi. Utafiti wa Marekani wa 2014 ulionyesha kila asilimia 1 daktari anayoongeza katika kuziona polipu, hatari ya wagonjwa wake kupata saratani baadaye inapungua kwa asilimia 3.

Najua mtasema, "Nesi, sisi huku kukipata tu ni bahati, mambo ya viwango waachie Wazungu." Hapana! Mtu wa Haydom au Katesh anayepewa rufaa hadi Moshi ameuza mbuzi, amekopa nauli, watoto kawaachia jirani. Huyo hana uwezo wa kwenda mara ya pili. Yeye ndiye anayestahili kipimo kizuri mara ya kwanza.

Tena kuhesabu hakutaki mashine mpya. Ni daftari, kalamu na saa ya ukutani. Kliniki zetu zinabandika chati ya chanjo ukutani kila mtu aione. Hospitali yenye kamera inashindwa nini?

Na wewe una sehemu yako. Utumbo mchafu hauonekani. Siku moja kabla, acha makande, maharage na chai ya maziwa. Kunywa dawa ya kusafisha yote, kwa saa ulizoelekezwa.

Ukimaliza kipimo, uliza bila woga:
👉 Kamera ilifika mwisho?
👉 Utumbo ulikuwa safi?
👉 Mmeona nini, na nirudi lini?

Omba majibu kwa maandishi, uyatunze kama kadi ya mtoto. Kuuliza sio utovu wa adabu, ni haki yako.

Na kama mzazi au ndugu yako wa tumbo moja aliugua saratani hii, usisubiri dalili. Mwambie daktari mapema, hata kama bado kijana.

Mtumie mama mwenzio. Sehemu ya 5: dawa za "bawasiri" zinazouzwa stendi.