Sola mwisho wa laini

Laini ya kilovolti 220 inayotoka Kidatu kwenda Morogoro hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Umeme wake haufai kuingia nyumbani moja kwa moja. Lazima upozwe kituoni, kisha usafiri kwa laini za msongo wa kati hadi transfoma ya mtaa. Katika wilaya pana kama Kilosa, safari hiyo ya pili ndiyo yenye matatizo.

Waya ukiwa mrefu, volti hupungua njiani na sehemu ya umeme hugeuka joto. Upotevu huo hufuata mraba wa mkondo: mkondo ukishuka kwa nusu, upotevu hubaki robo. Ndiyo maana Bwawa la Julius Nyerere, pamoja na megawati zake 2,115, haliwezi peke yake kuponya taa hafifu za mwisho wa laini. Sola ndogo iliyofungwa karibu na mashine za kusaga, pampu za maji na hoteli za Mikumi hupunguza mzigo wa laini saa zilezile za kazi. Kwa maeneo haya, megawati moja iliyo jirani inaweza kuwa na faida zaidi kuliko kadhaa zilizo mbali.

Faida hiyo ina saa zake. Matumizi ya majumbani hupanda jua likishazama, kwa hiyo mtambo usio na betri hausaidii wakati wa haja kubwa, ingawa inveta za kisasa zinaweza kurekebisha volti hata usiku. Mchana wa Jumapili hali hugeuka: watumiaji wachache, jua kali, volti zikapanda kupita kiasi. Inveta isiyopangwa vizuri inaweza kuharibu friji za watu.

Wauzaji wengine hawasemi jambo hili: sola ya kawaida iliyounganishwa na gridi hujizima umeme unapokatika, ili fundi aliye juu ya nguzo asipigwe shoti. Anayetaka mwanga wakati huo anahitaji betri na swichi ya kujitenga na gridi.

Kanuni za umeme za mwaka 2018 zinamruhusu mteja kuingiza ziada yake kwenye gridi. Limebaki suala la kiwanja. Mafuriko ya Mto Mkondoa, mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, yalisomba hata reli ya kati. Paneli za Kilosa zinastahili kuwekwa juu ya bonde, mbali na mto, hata kama ardhi ya huko ni ghali zaidi kusawazisha.