Ndege ni saa moja na nusu, mzigo wako siyo

Wauzaji wenzangu, naomba tuache kuandika "Mwanza unapokea leo leo" kwenye matangazo yetu.

Najua hesabu inatoka wapi. Dar hadi Mwanza kwa ndege ni kama kilomita 850, angani unakaa saa moja na nusu hivi. Kwa barabara, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, ni zaidi ya kilomita 1,100, na basi linalotoka Mbezi alfajiri linaingia Mwanza usiku. Ukiangalia hapo tu, ndege imeshinda. Ila mteja hahesabu muda wa angani. Anahesabu kuanzia alipotuma hela mpaka boda anapomgongea geti.

Sasa tuhesabu kama yeye. Unatoka Kariakoo, unakula foleni ya Barabara ya Nyerere mpaka uwanja wa ndege. Mzigo unapimwa, unakaguliwa, unalipiwa, na lazima uwe umefika mapema kabla ya ndege kuruka. Ndege ya abiria inabeba mabegi ya abiria kwanza. Nafasi ikiisha, boksi lako linasubiri safari nyingine, na hiyo inaweza kuwa kesho. Likishuka Mwanza, uwanja uko nje ya mji, na lazima mtu aende kulitoa na kitambulisho mkononi kabla ofisi ya mizigo haijafungwa.

Wakati huohuo kuna mabasi ya usiku. Ukikabidhi mzigo jioni, kesho yake mchana uko Mwanza. Kwa hiyo kwa nguo, viatu na vyombo, tofauti ya kweli mara nyingi ni masaa machache tu, na mimi sioni sababu ya kumlipisha mteja nauli ya ndege kwa masaa hayo.

Halafu kuna hili la vipimo, ambalo linawaumiza wengi. Mizigo ya ndege hailipiwi kwa kilo za mzani peke yake. Wanazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanagawa kwa 6,000, kisha unalipia kilo zilizo nyingi kati ya hizo na za mzani. Boksi la mawigi la sentimita 60 kwa 50 kwa 40 linaweza kuwa na kilo 4 mzanini, lakini utalipia kilo 20. Faida yote imebaki uwanjani! Kama lazima upakie kwenye ndege, tafuta boksi dogo, toa hewa, kunja.

Na wale wa pawabenki na pafyumu, msijisumbue. Pawabenki zikitumwa zenyewe kama mzigo hazipandi ndege ya abiria, na pafyumu inahesabiwa kuwa kitu kinachoshika moto, ina masharti yake. Usimfiche mpokea mizigo kwa kuandika "vipodozi".

Ndege ina kazi yake, sikatai. Spea ya mashine iliyosimama, gauni la harusi ya kesho, sato wabichi wanaokuja Dar: hapo lipa, tena mwambie mteja bei mapema.

Mimi tangazo langu la Mwanza linasema: "Oda kabla ya saa nane mchana, kesho jioni unapokea." Wapo wanaonikimbia kwenda kwa anayeahidi leo leo. Wengine huwa wanarudi inboksi kesho yake kuuliza kama bado ninayo ile rangi.