Gari la mkononi Arusha: injini nzima, karatasi mbovu

Mfanyabiashara wa Arusha anayetafuta gari la mkononi anajua kukagua chuma. Huenda na fundi wake, huwasha injini asubuhi ikiwa bado baridi, hutazama moshi, na hulala chini kuona kama chesi imechomelewa. Kazi hiyo ni ya lazima. Gari lililopanda na kushuka njia za mashambani kwenye miteremko ya Mlima Meru, likibeba ndizi na mboga kupeleka soko la Tengeru, huchoka mapema kuliko gari la mjini. Hata hivyo, hasara kubwa zaidi haimo kwenye injini. Injini mbovu humgharimu mnunuzi fedha za ukarabati, lakini karatasi mbovu zinaweza kumgharimu gari lenyewe.

Tangu serikali ilipowaruhusu wananchi mwaka 1984 kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, biashara ya magari yaliyotumika imepanuka. Soko la Arusha hulishwa kwa njia tatu kubwa: magari ya Japani yanayoshushwa bandari ya Dar es Salaam, magari ya kampuni za utalii na mashirika yaliyopo mjini, na magari yanayotoka upande wa mpaka wa Namanga. Kila njia ina ugonjwa wake.

Kwa magari ya Japani, ugonjwa unaojulikana zaidi ni wa kilometa zilizorudishwa nyuma na ajali zilizofichwa kwa rangi. Dawa yake ipo. Gari lililopita kwenye mnada wa Japani huwa na karatasi ya ukaguzi, na daraja la R au RA maana yake ni kwamba gari hilo liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Cheti cha kulisafirisha nje nacho huonyesha kilometa zilizosomwa kwenye ukaguzi wa huko. Cheti kikisema kilometa 140,000 na dashibodi ikasema 70,000, hakuna haja ya kumwita fundi. Muuzaji wa yadi anayedai kwamba karatasi hizo "zilipotea bandarini" anastahili kuulizwa mara mbili.

Njia ya pili ndiyo inayoihusu Arusha kuliko miji mingi. Hapa ndipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, hapa ndipo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilifanya kazi hadi mwisho wa mwaka 2015, na hapa ndipo magari mengi ya safari za Serengeti na Ngorongoro hupatiwa matengenezo. Sehemu ya magari hayo huingia nchini kwa msamaha wa ushuru. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatoa msamaha kwa magari yaliyotengenezwa mahususi kwa watalii, lakini inataka ushuru ulipwe pale gari linapoachwa litumike kwa kazi nyingine. Gari la shirika lenye msamaha nalo hudaiwa linapohamia kwa mtu asiye na haki hiyo.

Hapo ndipo mnunuzi mdogo huumia. Chukua mfano wa Land Cruiser ya utalii ambayo sokoni ingefika shilingi milioni 45, nayo inauzwa milioni 32. Dalali atasema mwenye gari ana shida ya haraka. Huenda ni kweli. Huenda pia tofauti hiyo ya milioni 13 ni ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 18 ambavyo havijalipwa. Mnunuzi atalitumia gari mwaka mzima kabla hajagundua kwamba haliwezi kuhamishwa kwa jina lake, au kabla halijazuiwa barabarani. Punguzo alilolifurahia litakuwa deni lake.

Njia ya tatu ni ya hatari zaidi. Namanga iko kilometa zipatazo 110 kutoka Arusha, na biashara halali inayopita hapo ni kubwa. Lakini mpaka unaopitisha mali halali hauwezi kukosa wanaojaribu kupitisha ya wizi. Mtandao wa wizi wa magari katika eneo hili si wa majirani peke yao. Mwaka 2015 wapelelezi wa Uingereza walifuatilia Lexus iliyoibwa London ikiwa na kifaa cha kuonyesha mahali ilipo. Ilipitia Ufaransa, Oman na Mombasa hadi Kampala. Gari la namna hiyo likifika yadi huwa limeoshwa, lina kadi, na lina dalali mwenye maneno matamu.

Sheria haimsaidii sana mnunuzi aliyedanganywa. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, muuzaji kwa kawaida hawezi kumpa mnunuzi haki ambayo yeye mwenyewe hana. Gari la wizi hubaki kuwa la aliyeibiwa, hata kama limeuzwa mara nne na kila mmoja akalipa kwa nia njema. Mnunuzi wa mwisho anabakiwa na haki ya kumdai aliyemuuzia, ambaye mara nyingi simu yake haipatikani tena. Akishindwa kueleza alivyolipata gari, polisi watamwuliza mengine.

Lipo pia tatizo la kienyeji lisilohitaji mwizi. Magari mengi hupita mikono mitatu minne bila kadi kubadilishwa jina, ili kukwepa ada za uhamisho. Mwenye jina akifariki, gari huwa sehemu ya mirathi, na ndugu wasiojua lolote kuhusu mauziano hudai mali ya marehemu. Wengine huiweka kadi rehani kwa mkopeshaji, kisha huuza gari kwa kadi nyingine waliyoipata kwa kudai kwamba ya kwanza ilipotea. Na ikitokea ajali, bima inaweza kuhoji malipo kwa mtu ambaye jina lake halimo kwenye kadi.

Wafanyabiashara wa magari husema kwamba mnunuzi anayekagua sana huliacha gari zuri likaenda kwa mwenzake. Hoja hiyo ina ukweli kidogo, lakini inapima hasara isiyo sahihi. Gari zuri lililokosekana Jumatatu lina mwenzake Alhamisi. Akiba ya miaka mitano iliyozama kwenye gari la wizi haina mwenzake. Mwenye duka la jumla Kilombero hawezi kununua magunia hamsini ya mchele bila kuchoma gunia na bambo. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo hutoa mamilioni kwa kuonyeshwa nakala ya kadi.

Lawama si ya mnunuzi peke yake. Taarifa zimetawanyika: usajili na ushuru viko TRA, faini na wizi viko polisi, bima iko kwenye mfumo wa mamlaka ya bima. Ingefaa mnunuzi aweze kulipa ada ndogo na kupata historia yote ya gari mahali pamoja. Hadi hapo, itabidi azunguke mwenyewe.

Utaratibu wa kujikinga si mgumu. Namba ya chesi isomwe kwenye chuma chenyewe na kulinganishwa na kadi, herufi kwa herufi. Muuzaji awe ndiye mwenye jina, au awe na hati ya mahakama au ya kampuni inayomruhusu kuuza. Hali ya ushuru ithibitishwe TRA kabla ya mkataba. Malipo yagawanywe: kiasi kidogo cha kushika gari, na sehemu kubwa ilipwe pale uhamisho unapokamilika. Muuzaji asiyekubali sharti hilo la mwisho aachwe na gari lake, hata kama bei imeshuka tena.