Mrukaji anahitaji godoro na dawati

Oktoba 20, 1968 ni siku ambayo Afrika Mashariki ina haki ya kujivunia. Mjini Mexico City, Kipchoge Keino alimwacha Jim Ryun wa Marekani karibu mita 20 nyuma katika fainali ya mita 1,500, na siku hiyohiyo Mamo Wolde wa Ethiopia akashinda marathoni. Tangu hapo tumeimba mbio, tumekula mbio, tumelala na mbio. Lakini ndani ya uwanja uleule, mchana uleule, kijana wa miaka 21 alikuwa anafanya jambo ambalo watu wa huku hatujalitilia maanani vya kutosha.

Dick Fosbury aliruka mita 2.24, akatwaa dhahabu na rekodi ya Olimpiki. Aliukimbilia ufito kwa mkunjo, akaupa mgongo, kichwa kikatangulia kupita na miguu ikavutwa mwishoni kabisa. Wenzake walikuwa wakiupita ufito kifudifudi, kama walivyofundishwa na makocha wao. Miaka minne baadaye, katika Olimpiki ya Munich, warukaji 28 kati ya 40 walikuwa wamekwisha kuufuata mtindo wake. Leo huoni mtindo mwingine kwenye mashindano makubwa.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya kipaji kilichojizukia. Ukikichunguza, shule imo ndani yake tangu mwanzo hadi mwisho.

Fosbury alikulia Medford, mji wa jimbo la Oregon. Katika sekondari alikuwa mrukaji wa kawaida tu. Mtindo wa kifudifudi ulimshinda. Mwaka 1963, akiwa na miaka 16, aliurudia mtindo wa zamani wa mkasi, ule ambao watoto wetu hurukia kamba uwanjani bila kufundishwa na mtu. Katika mashindano ya siku moja alianza kuegemea nyuma kidogokidogo kila ufito ulipopandishwa, na kabla ya jioni alikuwa ametoka mita 1.63 hadi 1.78. Hakuwa na kitabu cha fizikia mkononi. Wapo wanaopenda kusema kwamba uhandisi ndio uliomfundisha kuruka, lakini mtindo aliubuni kabla hajakanyaga chuo. Wataalamu walikuja kueleza baadaye kwamba mwili uliopindwa hivyo unaweza kupita juu ya ufito huku kitovu cha uzito wake kikipita chini ya ufito huohuo, na hivyo nguvu ileile ya mguu humpeleka mtu juu zaidi.

Shule ilimpa vitu viwili ambavyo mtoto hawezi kujipatia mwenyewe. Cha kwanza ni mahali pa kuangukia. Zamani warukaji waliangukia mchanga au maranda ya mbao, na asiye na sponji hawezi kuthubutu kutua kwa shingo na mabega. Medford ilikuwa miongoni mwa shule zilizopata sponji mapema. Cha pili ni mwalimu aliyekubali kuzidiwa na mwanafunzi. Alipoingia Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon mwaka 1965, kocha Berny Wagner alijaribu kumrudisha kwenye mtindo wa zamani. Kijana alipovuka mita 2.08 na kuweka rekodi ya chuo, Wagner aliacha kubishana, akaanza kujifunza kutoka kwake.

Kisha kuna masomo, sehemu ambayo magazeti ya michezo huiruka kwa aya moja. Fosbury alisomea uhandisi wa ujenzi. Alishinda ubingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 1968 na 1969, akashinda Olimpiki katikati, akawa mtu wa kuitwa huku na huku. Shahada aliipata mwaka 1972, miaka saba tangu aanze. Mwaka huohuo alikosa nafasi kwenye timu ya Munich. Angekuwa ameacha chuo baada ya Mexico, angebaki na medali na picha, kwa sababu enzi hizo mwanariadha wa Olimpiki hakuruhusiwa kulipwa. Badala yake alihamia Ketchum, Idaho, akaanzisha na wenzake kampuni ya uhandisi, akashiriki kubuni njia za baiskeli za bonde lile, na mwaka 2018 wananchi wa wilaya yake wakamchagua kuwa mmoja wa viongozi wao. Alifariki Machi 2023 akiwa na miaka 76, baada ya miongo mingi ya kuishi kwa kalamu ya mhandisi.

Miaka hiyo saba ya chuo ndiyo inayonigusa. Hakuacha masomo.

Kwetu vipaji havikukosekana. Mwaka 1954 mjini Vancouver, katika michezo iliyokuja kuitwa ya Jumuiya ya Madola, Waafrika wawili walishika nafasi mbili za juu katika kuruka juu: Emmanuel Ifeajuna wa Nigeria alichukua dhahabu, na Patrick Etolu wa Uganda akachukua fedha. Mwaka 2018 Mathew Sawe wa Kenya alikuwa bingwa wa Afrika mjini Asaba kwa mita 2.30, sentimita sita juu ya dhahabu ya Fosbury. Sarah Nambawa wa Uganda, bingwa wa Afrika wa miruko mitatu mwaka 2010 jijini Nairobi, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Middle Tennessee State. Yaani ili apate mahali penye shimo la kurukia na ukumbi wa mihadhara katika eneo moja, binti wa Uganda alilazimika kuvuka bahari.

Mkimbiaji wa Iten au Arusha akikosa masomo, bado ana barabara. Mbio za marathoni zipo kila mwisho wa wiki duniani na nyingi zina zawadi. Mrukaji hana barabara ya kukimbilia riziki. Mashindano yanayomlipa ni machache, na wanaoalikwa ni wachache zaidi. Kwa hiyo mwalimu anayemwambia kijana wa kuruka juu "chagua moja, uwanja au kitabu" anamfukuza uwanjani, maana mwenye akili timamu atachagua kitabu. Na anayechagua uwanja bila kitabu huachwa na goti lililoumia akiwa na miaka 27.

Nimetazama mashindano ya shule ambako kuruka juu kulifutwa kwa sababu hakukuwa na godoro, na hakuna aliyeshangaa. Mbio za kupokezana zilipungukiwa na kijiti, kikatafutwa kwa dakika kumi. Godoro halikutafutwa.

Wizara za elimu za Tanzania, Kenya na Uganda zinaweza kuanza na jambo dogo: kila wilaya iwe na shule moja yenye godoro halisi la kuangukia, ufito, nguzo mbili na mwalimu aliyefunzwa kuvitumia, na shule jirani zipewe siku zao za kuja kufanya mazoezi hapo. Vyuo vikuu navyo viandike katika kanuni zao, kwa maandishi yanayoonekana, kwamba mwanafunzi anayewakilisha taifa anaweza kuahirisha mtihani na kurefusha masomo bila kupoteza mkopo wala nafasi yake. Sasa hivi jambo hilo mara nyingi hutegemea huruma ya mkuu wa idara, na kijana wa mwaka wa pili hajui hata mlango wa kugonga.